Mbwa Apande Chombo na Kadi Yake

Kila mwaka, Septemba inapoelekea kwisha, visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa mwa Scotland, hujaa wageni waliobeba sindano za kufumia. Wanakwenda kwenye Wiki ya Sufu, tamasha lililoanza mwaka 2010, ambako watu hufundishana kufuma, hununua nyuzi na kuwatazama kondoo waliozitoa. Tamasha lina kofia yake. Kila mwaka hutolewa mchoro mpya, wageni huifuma kofia hiyo makwao kabla ya safari, na wakishuka melini unawatambua kwa vichwa vyao kama watu walioshona sare ya harusi moja. Huku kwetu kondoo hafugwi kwa ajili ya sufu. Manyoya yake ni mafupi kama ya mbuzi, thamani yake iko kwenye nyama na mafuta ya mkia, na mwenye kuhitaji sweta ya baridi ya Juni anajua mitumba inauzwa wapi. Msomaji wa Musoma au Bunda ana haki ya kuuliza tamasha hilo linamhusu nini. Linamhusu kwa sababu ya mbwa. Meli ya Shetland huondoka Aberdeen jioni na kufika Lerwick asubuhi, na ndani yake vimo vyumba vilivyotengwa kwa abiria wanaosafiri na mbwa wao. Mbwa analala karibu na kitanda cha mwenye kofia, asubuhi wanashuka pamoja, na bandarini hakuna anayeuliza kama amechanjwa kichaa cha mbwa.

Watu wengi watasema ni kwa kuwa Wazungu wanapenda mbwa. Mapenzi hayazuii ugonjwa. Uingereza ya karne ya 19 iliwapenda mbwa vilevile, na watu wake walikufa kwa kung'atwa nao. Mojawapo ya yaliyobadilika ni kwamba nchi hiyo, ambayo nayo ni kisiwa, iliamua kuulinda mlango wake. Mwaka 1901 iliweka sheria ya kumtenga kwa miezi sita mbwa yeyote anayetoka ng'ambo, na mwaka uliofuata kichaa cha mbwa kikawa kimekwisha nchini. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1918 ugonjwa ulirudi, na inaaminika ulirudi na mbwa walioingizwa kinyemela na askari waliokuwa wakitoka vitani. Ilichukua hadi 1922 kuuzima tena. Karantini ya miezi sita ilidumu karibu karne nzima, na ni mwaka 2000 tu ilipoanza kupokewa kadi ya chanjo badala yake. Hata leo, anayetaka kumpeleka mbwa wake Uingereza kutoka Tanzania lazima amwekee kidude cha utambulisho chini ya ngozi, amchanje, asubiri siku 30 apimwe damu kuhakikisha chanjo imeshika, kisha asubiri miezi mitatu mingine. Ule uhuru wa mbwa wa Shetland wa kupanda meli bila kuulizwa ulinunuliwa na ukali wa zamani.

Hoja yangu ni kwamba visiwa vya Ziwa Victoria vina nafasi ileile, na tunaipoteza kila siku kwenye mialo yetu. Kisiwa ni mahali ambapo kichaa cha mbwa kinaweza kumalizwa kabisa kwa gharama ndogo kuliko bara, kwa sababu maji yanafanya nusu ya kazi. Lakini faida hiyo inadumu pale tu mbwa anayevuka maji anapovuka akiwa amechanjwa. Kwa hiyo mbwa anayepanda kivuko, boti au mtumbwi kwenda kisiwani apande na kadi yake ya chanjo, na asiye na kadi abaki bara mpaka aipate.

Kuna atakayeuliza: nani hapa kwetu anasafiri na mbwa? Ni kweli hatuendi na mbwa kwenye matamasha. Ila mbwa wanasafiri, na wanasafiri sana, kwa sababu zetu wenyewe. Mtoto wa mbwa mwenye asili nzuri ya ulinzi haozei kwa mfugaji. Anaombwa na ndugu, anawekwa kwenye boksi au kikapu, na safari inaanza. Anaweza kutoka boma la Buswahili, kwenye kingo za mto Mara, akapita Musoma na Bunda, akafika Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Hapo yuko Ukerewe, wilaya ya visiwa yenye watu karibu laki nne. Wavuvi wa dagaa nao huhama. Hufanya kazi usiku wa giza, mbalamwezi ikikomaa hupumzika, na samaki wakipungua upande mmoja wa ziwa kambi nzima hufungasha nyavu, taa, sufuria na mbwa wa kulinda vichanja vya dagaa. Tazama boti inayotoka mwalo wa Mwigobero, Musoma, kwenda visiwani: magunia katikati, madumu ya mafuta nyuma, watu pembeni, na mara nyingine mbwa aliyefungwa kamba ya katani kwenye ubao wa kukalia, amejikunja, macho yamezidi ukubwa kwa hofu ya maji. Nahodha anadai nauli ya gunia. Mbwa hamhesabu.

Huyo asiyehesabiwa anaweza kubeba kitu ambacho nahodha haoni wala mwenye mbwa haoni. Kirusi cha kichaa cha mbwa kikiingia mwilini kwa jeraha la kung'atwa hakikimbilii damu. Kinafuata mishipa ya fahamu taratibu kuelekea ubongoni, na safari hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa au miezi. Muda wote huo mbwa anakula, anacheza, anatikisa mkia. Katika siku chache za mwisho kabla hajabadilika tabia, mate yake tayari yana virusi. Ndiyo maana kumwangalia mbwa kwa macho pale mwaloni na kusema yuko sawa hakumaanishi chochote. Dalili zikishaanza, awe mbwa au binadamu, tiba haipo na mwisho ni kifo. Aliyeng'atwa huokolewa na mambo mawili: kuosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na sindano za chanjo zinazotolewa kwa siku tofauti. Kwa anayeishi kisiwani, kila siku ya sindano ni safari nyingine ya boti, na ziwa likichafuka siku hiyo inapita. Kwa maneno mengine, mahali ambapo ugonjwa ni rahisi zaidi kuzuia ndipo pia ambapo ukiingia ni vigumu zaidi kuwaokoa watu wake.

Ushahidi mzuri kuliko wote hautoki Ulaya, unatoka Pemba. Watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani humo kuanzia 2010 hadi 2020, nyumba kwa nyumba, wakiuliza nani kang'atwa na mbwa gani, na mbwa huyo naye aling'atwa na nani. Juu ya hayo walisoma vinasaba vya virusi kutoka kwenye mizoga, wakaweza kuchora nasaba ya ugonjwa jinsi mzee wa ukoo anavyotaja mababu. Waligundua kwamba mwaka 2010 kulikuwa na koo tano za virusi zikizunguka Pemba kwa wakati mmoja. Chanjo ya mbwa ya kisiwa kizima ilipoanza kufanywa kila mwaka, tena ikiboreshwa kadiri siku zilivyokwenda, koo hizo zilikatika moja baada ya nyingine, na kufikia Mei 2014 zote tano zilikuwa zimekwisha. Wagonjwa walipungua, vifo vikakoma.

Na hapo kikatokea kile ambacho kila mtu wa ziwani angepaswa kukijua. Ugonjwa haukuonekana tena, kwa hiyo kampeni ya chanjo ikalegea. Mwishoni mwa 2016 virusi viliingia Pemba kutoka nje, tena si mara moja, mara mbili. Virusi haviogelei. Vilikuja na mnyama aliyevushwa na mtu, na vikakuta kisiwa kimejaa mbwa waliozaliwa baada ya chanjo kusitishwa. Mlipuko ulienea mpaka chanjo ya kisiwa kizima iliporudishwa, na ukazimwa Oktoba 2018. Sikusudii kuipamba hoja yangu kwa kuficha upande wake wa pili: kisa cha Pemba kinaonyesha kwamba mlango peke yake hautoshi. Kama mbwa wa ndani wangekuwa wamechanjwa, wale wageni wawili wasingesababisha mlipuko. Lakini kinaonyesha vilevile kwamba kazi ya miaka minne ya kisiwa kizima ilifutwa na safari mbili. Mlango na chanjo ya ndani ni kama kitasa na komeo. Mwenye nyumba hachagui kimojawapo.

Pingamizi kubwa zaidi linatokana na hesabu za watafiti haohao, na ni la haki. Walikadiria kwamba kuwapa chanjo watu waliong'atwa, bila kugusa mbwa, hugharimu dola 256 kwa kila kifo kinachoepushwa. Kuwachanja mbwa kila mwaka pamoja na kuwapa watu chanjo bure hugharimu dola 1,657. Mtu mwenye bajeti nyembamba atauliza: kwa nini tusinunue sindano za watu tu, tukaachana na mbwa? Jibu ni kwamba hesabu ya kwanza ni bili isiyo na mwisho. Sindano ya mtu huokoa mtu huyo na haimgusi mbwa wa kesho. Mwaka ujao kutakuwa na mbwa wengine wenye kichaa, watoto wengine waliong'atwa usoni, safari nyingine za kwenda hospitali. Ni chanjo ya mbwa tu inayoukata mnyororo, na watafiti walikadiria kwamba kuiweka Pemba bila ugonjwa kunaziepusha familia zaidi ya 30 kila mwaka na balaa la kung'atwa na mbwa mwenye kichaa. Sijui ni thamani gani ya dola ingewekwa kwa mzazi anayehesabu siku akimtazama mwanawe kama ataogopa maji, na nashuku hata wachumi hawajui. Kifo kimoja kikiwa ndicho kipimo pekee, hofu hiyo haionekani kwenye jedwali.

Wengine watasema mbwa wetu hawachanjiki kwa kuwa wengi ni wa mtaani, hawana mwenyewe. Hili husemwa sana mijini, na utafiti uliofanyika mkoani Mara unalikanusha. Mbwa wengi wanaozurura bila kamba wana nyumba, wana jina, na wana mtoto anayeweza kuwakamata. Tangu miaka ya 1990, vijiji vinavyozunguka hifadhi ya Serengeti vimekuwa na kampeni za chanjo, kwanza kwa sababu ya wanyamapori: mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ule wa homa ya mbwa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na inaaminika chanzo chake kilikuwa mbwa wa vijijini. Siku ya chanjo hufanana kila mahali. Meza chini ya mwembe, kasha la barafu, daftari la majina, na foleni ya watoto wakiburuta mbwa kwa kamba, mnyororo wa baiskeli au kipande cha khanga, huku mbwa wakizozana na mwenye daftari akiuliza, "Huyu anaitwa nani?" Mbwa mwenye jina la kuandikwa daftarini si mbwa asiye na mwenyewe.

Hapo Serengeti ndipo pia ilipopatikana habari njema ambayo haijasambaa vya kutosha. Wanasayansi waliohesabu nani alimwambukiza nani walikuta kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huwaambukiza wenzake kwa wastani wa 1.2 tu. Ugonjwa unaotisha hivi ni dhaifu katika kuenea. Kila mgonjwa anajizaa mwenyewe na chenji kidogo. Ukiondoa hiyo chenji, ugonjwa unakufa. Kwa udhaifu huo, ingetosha kiasi cha kati ya asilimia 20 na 45 ya mbwa kuwa na kinga wakati wowote. Kwa nini basi tunaambiwa tuchanje asilimia 70? Kwa sababu mbwa wetu hawaishi muda mrefu. Waliochanjwa hufa, watoto huzaliwa, na kinga ya kijiji huvuja kila mwezi kama debe lenye tundu. Ukijaza hadi 70, mwaka ukiisha bado uko juu ya kiwango cha hatari. Kisiwani debe hilo linavuja kwa tundu la pili, yaani boti.

Njia ambayo wengi huikimbilia ni risasi na sumu: kuwaua mbwa. Imejaribiwa visiwani, na matokeo yake yanajulikana. Kisiwa cha Flores, Indonesia, hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka 1997, wavuvi walipoleta mbwa watatu kwa boti kutoka Buton. Mbwa watatu. Serikali iliua karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa, na ugonjwa ukabaki. Mwaka 2008 ikawa zamu ya Bali, na huko pia inaaminika mbwa wa mvuvi ndiye aliyeufungua mlango. Wakaua mbwa zaidi ya laki moja, wakiwemo waliokuwa wamechanjwa, na watu zaidi ya mia wakafa. Hali ilianza kubadilika pale tu chanjo ya kisiwa kizima ilipoanza. Sababu si ngumu kuielewa kwa yeyote anayefuga. Ukiua mbwa wa mtu usiku, kesho atatafuta mtoto mwingine asiye na chanjo. Na jirani yake, akisikia wauaji wanakuja, atampakia mbwa wake kwenye boti na kumkimbiza kisiwa cha pili. Mauaji huwapa mbwa wagonjwa nauli.

Liko pia pingamizi la fisi na mbweha. Mara ni mkoa wa wanyamapori, na ni kweli fisi, mbweha na hata ng'ombe hupata kichaa. Lakini uchunguzi wa Serengeti ulionyesha kwamba wanaoutunza ugonjwa usiishe ni mbwa wa kufugwa. Wanyama wengine huambukizwa na mbwa, na mnyororo hukatikia kwa wanyama hao. Na kwenye visiwa vya ziwa pingamizi hili lina uzito mdogo zaidi. Fisi hapandi kivuko.

Linabaki swali la nani atakagua. Bandari za Uingereza zilihesabika. Mialo ya Ziwa Victoria ni mamia, na boti nyingine huondoka alfajiri bila kuaga. Nakubali kwamba polisi na maofisa hawawezi kusimama kila mwalo, na amri ya namna hiyo ingezaa rushwa kabla haijazaa chanjo. Lakini mwalo hauko bila wenyewe. Mialo mingi ina BMU, kikundi cha wavuvi wenyewe cha kusimamia mwalo, kinachojua boti ya nani imeingia na nyavu gani zimo. Kinaweza kujua pia mbwa gani amepakiwa. Nahodha anayekataa kupakia mzigo wa wizi kwa kuogopa jina lake hataona ajabu kuuliza kadi. Kwenye kivuko cha Kisorya kazi ni rahisi zaidi, kwa kuwa njia ni moja na tiketi hukatwa. Tumezoea tayari kwamba ng'ombe hasafirishwi bila kibali. Tunamdai ng'ombe karatasi kwa sababu ana bei. Mbwa hana bei mnadani, ila gharama yake huja baadaye, hospitalini.

Kadi yenyewe lazima ipatikane karibu, la sivyo tunawadai watu kitu ambacho hakipo. Hapa mkoa wa Mara una la kujivunia. Ilishathibitishwa kwamba chanjo inayotumika sana kwa mbwa bado hufanya kazi hata ikihifadhiwa miezi mitatu katika nyuzijoto 30, na kwa msingi huo watafiti walijaribu katika mkoa huu utaratibu wa kuiacha chanjo palepale kwenye jamii badala ya kusubiri timu ya wilaya ije na gari mara moja kwa mwaka. Walibuni hata vifaa vya kupoozea vya bei nafuu, vinavyofanya kazi bila umeme kwa kanuni ileile inayoupoza mtungi wa maji wa bibi: maji yanakauka nje, ndani panabaki baridi. Wazo hilo ni kama limetengenezwa kwa ajili ya visiwa. Rukuba, kisiwa kimoja cha mkoa huu, haihitaji jokofu la hospitali ili mbwa wake wachanjwe mwaka mzima. Inahitaji mtu wa hapohapo aliyefundishwa, chungu, na daftari. Na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zikiamua kuanzia mahali, zianze na vijiji vya mialo, maana huko ndiko mbwa wa kwenda kisiwani wanakotoka.

Kwa msomaji mwenye mbwa wa kusafirisha mwaka huu, mambo ni machache. Mtoto wa mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Mpeleke kwa afisa mifugo wa kata yako, hakikisha tarehe imeandikwa kwenye kadi, kisha subiri mwezi mmoja kinga ikomae kabla hujampeleka Kisorya au Mwigobero. Ndugu yako wa Ukerewe amesubiri mlinzi muda wote huo. Mwezi mmoja zaidi ataweza.